Furushi Lenye Kamba Nyeupe

Boseong, 12 Februari 2025

Hyeran mwanangu,

Salamu zikufikie huko ulipo, na zikukute umekula. Usiniambie mkate. Nakuuliza chakula. Mimi huku sijambo, magoti tu ndiyo yananung'unika kila theluji ikianguka, lakini sijasikia magoti yamemuua mtu. Mama Pansik jirani anakusalimu. Aliuliza kama huko Adelaide bado ni joto, nikamwambia ndiyo, akasema mbingu ina upendeleo.

Barua hii nimeiandika mwenyewe. Mwalimu Bae wa darasa letu la mabibi alitaka kuisahihisha, nikaifunika kwa kiganja kama mtoto anayeficha hesabu. Nikamwambia, "Mwalimu, haya ni ya mimi na binti yangu, na makosa yangu anayajua tangu zamani." Miaka sabini na miwili niliishi siwezi kusoma hata maandishi ya mfuko wa mbolea, acha sasa niandike ovyo. Simu siipendi. Kwenye simu mimi na wewe tunaulizana tumekula nini, kisha tunasikilizana pumzi.

Vitambaa ulivyoomba kwa ajili ya wale wanawake unaowafundisha kushona nimetuma kwenye boksi. Ni vipande vya suruali za kiangazi za marehemu baba yako, na shuka, na mfuko wa mto wa bibi yako. Hivyo kata utakavyo, ndiyo kazi yake.

Lakini humo utakuta na furushi moja limefungwa kwa kamba nyeupe. Hilo usilikate. Ni kitani nilichofuma mwenyewe, majira ya baridi mawili. Unakumbuka nilikuambia, mwaka juzi, mwezi wa ziada wa kalenda yetu ya mwandamo ulipoangukia majira ya kuchipua, tulipomhamisha baba yako kaburi. Alikufa ghafla, hatukuwa tumeandaa kitu, wauza mazishi wakatuuzia nguo wakisema ni kitani safi. Ilikuwa nailoni. Miaka saba ardhini, mwenyewe amekwisha kuwa mifupa, nguo nzima kabisa, imemkamata mbavu kama wavu. Baba yako mdogo aliivuta huku analia na kutukana. Siku ile ile niliporudi nyumbani nikateremsha kitanda cha mfumi darini.

Mbangi wa kutoa nyuzi zake niliulima mwenyewe nyuma ya nyumba. Afisa bado anakuja kuhesabu mashina na kutusimamia tukichoma majani, kana kwamba bibi wa miaka sabini na tisa atakaa uani avute. Mama Pansik anasema mbwa wa forodha huko kwenu watalibwekea furushi hadi wapoteze sauti.

Basi lihifadhi pakavu, mbali na panya. Mwezi wa ziada mwaka huu unaanza tarehe 25 Julai. Ukifika nitakuandikia la kufanya. Furushi ni la nini sitaki kuliandika hapa, neno lenyewe halivuki bahari vizuri. Wewe ni mtoto wa huku, unajua.

Vaa soksi.

Mama yako


Adelaide, 15 Machi 2025

Mama yangu mpendwa,

Nakuamkia kwa kupiga magoti yote mawili, maana najua yako hayawezi. Natumai hujambo, na Mama Pansik hajambo, na Mwalimu Bae amekusamehe. Mimi ni mzima. Nimekula wali na supu ya mwani, na soksi nimevaa, ingawa nje kuna joto la kupasua mawe.

Boksi limefika. Mbwa hawakubweka. Nilipolifungua, nyumba nzima ikanuka nyumbani: ile harufu ya moshi wa pumba na uji wa maharage unaopakwa nyuzi za mtande kabla ya kufuma. Nilikaa sakafuni nikanusa kipande kimoja kimoja.

Darasa langu la Jumamosi linaendelea. Mchana siku nyingine ni kule kwenye dobi la nyumba ya wazee, nakunja mashuka ya watu. Jumamosi ndiyo siku yangu ya kuwa mtu. Tuko saba. Yupo Voula, mjane wa Kigiriki, mkono mzito na mdomo mwepesi. Yupo Lien wa Vietnam, ambaye sindano inamtii kabla hajaishika. Hewa ya huku ni kavu mno, Mama, uzi unakatika kama tambi mbichi. Juzi Voula alitupa kitambaa mezani akasema, "Mwalimu, uzi huu una kiburi kuliko mume wangu, na mume wangu nilimzika!" Lien akamjibu, "Labda naye ulimvuta sana." Tulicheka hadi mtunza maktaba akaja kutuangalia.

Maktaba imetupa ukuta mzima mwezi wa Mei, tuonyeshe kazi yetu. Nataka kuning'iniza pojagi moja kubwa, kitambaa cha kufungia vitu kile cha viraka, kikubwa kuliko mlango, taa ipite katikati kama dirishani. Vipande ulivyoleta vinatosha vidogo tu. Mama, lile furushi lenye kamba nyeupe, si unaniruhusu? Najua wewe na kalenda yako ya mwezi. Ni wewe uliyeweka godoro langu la harusi sandukuni miaka ishirini, harusi isije, nondo wakaolewa badala yangu. Kitambaa kizuri namna hii kikae gizani? Kikiwa ukutani, watu watasoma jina lako.

Nijibu mapema, nisije nikaharibu utaratibu wako.

Bintiyo


Adelaide, 20 Aprili 2025

Mama,

Salamu, na samahani kwa barua juu ya barua. Hujambo kweli? Sijapata jibu. Nimepiga simu mara nne. Mara zote anapokea Mama Pansik. Mara uko shambani, mara uko darasani, mara uko bafuni. Mama, mtu gani anakaa bafuni saa nzima? Nikamuuliza kama umepata barua yangu, akasema umepata, akakata.

Kama umekasirika kwa sababu ya ile ya nondo, nilikuwa natania.

Maonyesho yanakaribia. Nangoja wiki mbili zaidi. Usiponijibu, nitajua ni ile desturi yako ya tangu utotoni mwetu: ukikataa unasema, ukikubali unanyamaza.

Bintiyo


Adelaide, 2 Juni 2025

Mama yangu,

Natumai barua hii inakukuta salama. Mimi ni mzima, na leo nina furaha ambayo sijaipata tangu nije nchi hii.

Tazama picha niliyoambatanisha. Ni kitani chako. Nilikikata vipande arobaini na vinane, tukakishona sote saba kwa mishono ya kukunja, ile uliyonifundisha nikiwa na miaka tisa, ukanipiga kwa rula kila nilipoacha ncha ya uzi. Asubuhi jua linapoingia maktaba linapita ndani yake, sakafu inakuwa kama mashamba ya mpunga yaliyojaa maji, tuta kwa tuta. Watu walikuja kutazama. Mzee mmoja alivua kofia. Chini yake pameandikwa jina lako kwa maandishi yetu na kwa yao: Kitani kimefumwa na Gu Jeomrye, Boseong.

Mama, miaka yote najiona mtu aliyekimbia na mikono mitupu. Siku ile nilihisi nimekuja huku na kitu.

Sema kitu basi. Hata unitukane.

Bintiyo


Boseong, 19 Juni 2025

Hyeran,

Nimeona picha.

Mwandiko ni mbaya kwa sababu mkono wa kulia nilivunja kifundo tarehe 20 Machi, nilianguka kwenye ngazi ya mitungi ya soya. Sikutaka uhangaike. Nilimwambia Mama Pansik akwambie niko shambani. Bafuni ni ubunifu wake mwenyewe. Barua zako mbili nilizisoma, nikasema nitajibu mkono ukipona, mwezi wa ziada bado mbali, na nilishakwambia usikate. Nilijua nilishakwambia.

Ni sanda yangu, Hyeran.

Haya, neno limevuka bahari.

Kitani, cha mama wa miaka sabini na tisa, kisubiri mwezi wa ziada. Kila mwanamke aliyezaliwa bonde hili anajua maana yake, hata yule kichaa wa sokoni anajua. Mwezi huo hauna mwenyewe, mizimu hawautazami, ukishona sanda humo mwenye kuvaa haogopi kitu. Hajishonei mtu mwenyewe. Anashonewa na mtoto aliyemzaa. Ndiyo maana nilikutumia wewe. Hapa nina jirani, nina wakwe, nina duka la mazishi kule barabarani lenye nailoni tele.

Unawafundisha wageni namna tunavyoshona. Tunashona kwa ajili ya nini, hilo umelitupa wapi?

Nilichana nyuzi zile kwa meno, na meno yenyewe yamebaki sita. Nilizisokota kwenye goti hadi goti likatoka damu. Nikizisokota nilikuwa nasema, hii ni ya bega, hii ni ya mgongo, Hyeran atapitisha mkono hapa. Sasa mzee asiyenijua amevua kofia mbele yake. Mwambie avae.

Sina zaidi.

Mama yako


Adelaide, 1 Julai 2025

Mama,

Sijui niandike salamu gani. Mkono unaendeleaje? Je, unashika kijiko?

Nimesoma barua yako nimesimama kwenye kibaraza cha dobi, kisha nikarudi ndani nikakunja shuka moja mara ishirini. Mashuka yale mengine ni ya waliofariki usiku wake, Mama. Ninayakunja kila wiki. Na bado sikujua.

Sitajitetea. Ulisema usikate, nikakata. Nilijua kuna kitu, nikajifanya ni kalenda tu, kwa sababu kama ningejua ni nini ningelazimika kujua kwamba unajiandaa. Huo ndio ukweli wote.

Nipigie. Au mwambie Mama Pansik anitukane kwa niaba yako, ana kipaji.

Hyeran wako


Adelaide, 13 Julai 2025

Mama,

Bado hujajibu. Salamu, na pole ya mkono.

Jana nilishusha pojagi ukutani. Wanafunzi walikuwapo, ikabidi niwaeleze. Nilidhani watasema "pole" kama wanavyosema huku, wakainamisha kichwa, wakaenda zao. Voula alipiga meza kwa kiganja hadi vikombe vikaruka.

"Wewe! Umekata sanda ya mama yako?"

"Sikujua."

"Hukujua! Mimi nguo yangu ya kuzikiwa iko sandukuni tangu mwaka aliokufa mume wangu Stavros, na viatu vyake, na soksi. Mwanangu akiigusa namkata vidole. Na wewe unatufundisha sisi mila?"

Lien akamwambia, "Voula, mwache, analia."

"Alie! Na akimaliza kulia afumue."

Akavuta kona ya kitani akaanza kukata mafundo, moja moja, kwa kimkasi chake cha kucha, bila kuniomba ruhusa. Wengine wakavuta viti. Tuna mafundo mengi, Mama, nimewafundisha mimi: kila mshono uanze na fundo, uishe na fundo. Tumefumua vipande kumi na moja.

Nataka kukuuliza jambo, na ukisema hapana ni hapana. Vipande arobaini na vinane vikiunganishwa upya, vinaweza kuwa joho? Nakumbuka ulikuwa unasema kushona viraka ni kuunga siku za mtu, kila kiraka siku nyingine. Au sanda ya viraka ni aibu? Mwezi unaanza baada ya siku kumi na mbili. Sitakata hata uzi mpaka nisikie kutoka kwako. Safari hii kimya chako nitakihesabu kuwa hapana.

Hyeran


Boseong, 24 Julai 2025

Hyeran mwanangu,

Umekula? Joto la huku limeanza kutuchemsha. Mkono unashika kijiko, sindano hapana. Daktari anasema mifupa yangu ni kama biskuti. Nikamwambia biskuti si mbaya ukiwa na chai.

Barua yako niliipeleka kibandani tunakopumzikia, mabibi wote wakaisikia, Mwalimu Bae ndiye aliyesoma. Palizuka vita. Mama Pansik akasema, "Sanda ya viraka! Jeomrye atafika kule mlangoni waseme ombaomba kaja, mpeni bakuli." Bibi wa kinu, ambaye ameshona sanda nyingi kuliko kuku aliowahi kula, akamtazama akamuuliza, "Na wewe Mama Pansik, yako umeandaa?" Akasema bado. "Basi wewe utaenda uchi. Anayeenda uchi asicheke kiraka." Mabibi wakacheka hadi wakashikana mabega. Mimi sikucheka. Lakini nilisikia.

Kitani chetu ni chembamba, upana wa mikono miwili tu, sanda zote zina mishono. Yako itakuwa na mingi zaidi. Bibi wa kinu anasema hakuna katazo. Kuna masharti, na haya shika kuliko unavyoshika amri ya tajiri wako kule dobini:

Usifunge fundo. Hata moja. Ncha ya uzi iache ndefu, ifiche ndani ya mkunjo. Mwenye fundo kwenye nguo haondoki, anazuiliwa huku, anazunguka-zunguka. Usirudishe sindano nyuma, mshono uende mbele tu. Uzi uchomoe kwenye pindo la kitani chenyewe, usinunue. Anzeni na kumaliza siku moja, jua lisizame kazi haijaisha. Watakaoshona wale kwanza, washibe. Wasigombane chumbani, mwambie huyo Mgiriki. Na chozi lisidondoke juu yake. Lia sasa umalize.

Sijakusamehe. Nikikumbuka ile picha kifua kinabana. Lakini mwezi hausubiri hasira za mtu. Na mimi nilificha mkono. Ningekuandikia hata kwa kushoto, usingekata. Hilo nalo halinipi usingizi mzuri.

Mama yako


Adelaide, 17 Agosti 2025

Mama yangu,

Natumai umeamka salama na kifua kimelegea. Mimi ni mzima, vidole tu vimevimba.

Tumemaliza. Jana, Jumamosi, tulianza kabla jua halijapanda ukuta wa jirani. Nilipika supu ya mwani na wali, nikawaambia hakuna kugusa sindano kabla ya kumaliza bakuli. Voula aliomba ndimu. Nilikuwa nimechemsha birika mbili chumbani ili hewa iwe na maji, madirisha yakatoka jasho, tukawa kama tumo ndani ya mtungi. Uzi haukukatika. Nyuzi za pindo tulizilowesha kwa mate, kama wewe.

Hatukugombana. Saa sita Voula alifungua mdomo kuhusu Lien kuchelewa na mkono wa joho, nikamtazama, akaufunga, akasema, "Nitagombana Jumatatu."

Shida ilikuwa kipimo. Nilishika futi, nikagundua sijui urefu wako. Najua sauti yako, najua unavyokohoa, lakini bega lako hadi mkononi, sijui. Mara ya mwisho nilikuona ile siku moja, siku ya tatu baada ya maziko ya baba, Baba Mdogo aliponisimamisha langoni akaniuliza nimekuja kuzika udongo. Wewe ulikuwa nyuma yake, na nilikuona usoni tu. Kisha nikageuka. Miaka tisa. Basi nilijipima mimi, nikawaambia wanifanye ndiyo wewe. Nilisimama katikati ya chumba, mikono nimeinyoosha, wanawake sita wakanizunguka na kitani chako.

Naogopa limekuwa fupi. Mishono mingi imekula kitambaa. Vipande vyote arobaini na vinane vimo, hata kile chenye doa la soya pembeni.

Jua la majira ya baridi huku ni la haraka, saa kumi na mbili kasoro robo linazama. Mshono wa mwisho ulikuwa chini ya kwapa la kushoto, nikaushona mimi mwenyewe huku wao wanatazama dirishani wananihesabia: liko kwenye paa, liko kwenye ua, liko kwenye nyasi. Nikamaliza likiwa kwenye nyasi. Halikudondoka chozi. Voula alinishikia kitambaa chini ya kidevu, kama mtoto anayelishwa.

Kesho nalituma. Nimelifunga kwa ile kamba nyeupe.

Sijui kama nimerekebisha kitu au nimeshona tu.

Bintiyo


Boseong, 12 Oktoba 2025

Hyeran mwanangu,

Nakuandikia baada ya sikukuu ya mavuno, na nyumba sasa imetulia. Umekula? Ulipata hata keki moja ya mchele siku hiyo? Nilikuwekea sahani mezani kama kila mwaka, Mama Pansik akaila kama kila mwaka.

Furushi lilifika mwanzo wa Septemba. Umekaa siku nyingi bila barua yangu, najua umehangaika, lakini safari hii sikuvunjika popote. Nilikuwa nalitazama.

Kwanza sikulifungua wiki nzima, niliogopa. Kisha nikalitandaza juu ya godoro langu, sikulivaa, halivaliwi. Ulisema litakuwa fupi. Si fupi. Kumbe nami nimepungua, mgongo umekunja sehemu yake, na mishono yako imekula sehemu yake, tumekutana mahali pamoja. Mabibi wote walikuja kuona. Bibi wa kinu alipapasa mabega muda mrefu, akasema mshono wa kola umeshonwa na mtu mwenye mkono mzito lakini mwenye heshima. Nikasema huyo ni Mgiriki. Akasema mwambie amefaulu. Mama Pansik naye, tangu siku ile ananiuliza kama wanawake wako wanapokea kazi.

Siku iliyofuata nililipeleka uani kwenye jua lipigwe upepo kabla ya kuliweka sandukuni. Nikapapasa mishono yote kwa vidole, moja moja, macho nimefumba, ndivyo bibi yako alivyonifundisha, macho hudanganywa. Asubuhi nzima. Safi. Ncha zote zimefichwa. Nikafika chini ya kwapa la kushoto.

Lipo fundo.

Dogo kama mbegu ya ufuta. Mshono ule ni wako, mishono yako naijua, inaegemea upande mmoja kama unavyotembea. Mwingine angesema jua lilikuwa linazama, mkono ulizoea, ukafunga bila kufikiri. Mama Pansik alisema hivyo hivyo, akakimbia kuleta mkasi. Nikamwambia weka chini. Akasema, "Jeomrye, na fundo hilo hutaweza kuondoka!" Nikamwambia weka chini mkasi, Mama Pansik.

Sikuulizi kama ulilifunga kwa kusahau au kwa kujua. Usiniandikie. Sitaki kulisoma.

Lakini sikilizeni wewe na fundo lako. Mimi sitalifungua. Mkono wangu hauwezi, na mkono wa mtu mwingine sitauruhusu. Nimeliweka joho sandukuni hivyo hivyo, juu kabisa, ili mtu asitafute. Daktari alinipiga picha nyingine, ya kifua, wiki iliyopita, akaitazama zaidi ya alivyotazama ile ya mkono, akaniambia nirudi mwezi ujao na mtoto wangu. Nikamwambia mtoto wangu yuko mbali. Akasema nirudi naye hata hivyo.

Wiki mbili zijazo nitamenya persimoni na kuzitundika chini ya paa. Mwezi wa Desemba zitakuwa zimelainika, zile unazozipenda, zenye unga mweupe juu. Baba yako mdogo, usimwogope. Ana meno matatu sasa, hawezi kumfukuza langoni hata kuku. Kila siku anapita hapa akijifanya anauliza bei ya vitunguu, kisha anauliza kama umeandika.

Ufunguo uko palepale, chini ya mtungi wa pili wa soya. Ile ngazi ina utelezi asubuhi, shuka taratibu.

Njoo na kimkasi chako.

Mama yako